Kusafisha madumu ya kioo ya mvinyo kabla ya zabibu za Agosti

Juni, wiki ya kwanza

Madumu yamefika kwa bajaji kutoka upande wa Bihawana, yamezungushiwa magunia na kukazwa kwa kamba ya katani. Ni matatu, kila moja la lita 20 na ushei, kioo cha kijani, tumbo pana, shingo nyembamba ambayo ngumi haipiti. Mawili bado yana kapu lake la fito zilizosukwa. La tatu limebaki uchi. Mzee aliyeniuzia alikuwa na la nne, nikalikataa. Lilikaa miaka kwenye gereji na ndani lilihifadhiwa asidi ya betri. Fundi wa hapo alisisitiza kwamba asidi inaoshwa tu ikaisha, na kwa asidi yenyewe huenda ana haki, maana haiingii ndani ya kioo. Lakini maji ya betri iliyotumika yana risasi, na hakuna anayejua kitu gani kingine kilipitia humo. Chombo cha kinywaji ambacho historia yake haijulikani sikichukui hata kwa bure.

Mpango wenyewe ni huu. Dodoma zabibu huvunwa misimu miwili, mmoja karibu na Machi na mwingine Agosti kuingia Septemba, na mimi nalenga huo wa pili. Zabibu nyekundu za Makutupora zitaanza kuchachukia kwenye ndoo pana pamoja na maganda yake, maana maganda hayapiti kwenye shingo ya dumu na yakipita hayatoki. Povu kubwa likishatulia na machicha yakishakamuliwa, mvinyo unahamia kwenye kioo na kukaa miezi. Ndiyo maana usafi wa madumu unanishughulisha kuliko usafi wa ndoo. Kwenye ndoo mvinyo unalala siku chache, tena ukiwa na hamira yenye nguvu inayojilinda yenyewe. Kwenye dumu umepoa na umenyamaza, hauna wa kuutetea, na kijidudu chochote kilichojificha kina muda wote wa kufanya kazi yake.

Hali ya kila moja, kwa majina niliyoyapa:

Jekundu: lilikuwa la mvinyo kweli. Kuta zina ukoko mwekundu wa chengachenga, mgumu, na chini kuna mashapo yaliyokauka.

Jeupe: limekaa na maji ya kisima. Lina ukungu mweupe kuanzia begani hadi chini, na duara nene pale maji yalipokuwa yakiishia.

La Alizeti: jina linajieleza. Mafuta yaliachwa humo mpaka yakaganda kama gundi ya njano, na harufu yake ni ya mafuta yaliyooza.

Uchafu wa aina tatu, na nimeshashauriwa dawa moja kwa yote matatu: "Tia mchanga na sabuni, tikisa." Mchanga nimeukataa. Masufuria tunayasugua kwa mchanga na majivu tangu tukiwa watoto na yanang'aa, lakini chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo. Inachora. Mchoro usiouona kwa macho unatosha kuwa nyumba ya bakteria, tena nyumba ambayo brashi haiingii. Kwa sababu hiyohiyo waya wa kusugulia nao umekaa pembeni.

Siku iliyofuata, ukaguzi

Kabla ya tone la maji, nimekagua nyufa. Nimeingiza taa ndogo ya kamba ndani ya kila dumu usiku, chumba kikiwa giza, nikalizungusha taratibu. Ufa hukamata mwanga na kuonekana kama uzi wa fedha. Kiputo cha hewa kilichobaki ndani ya kioo tangu kiwandani kinaonekana kama tone na hakina madhara. Madumu haya yana viputo vingi, hasa karibu na shingo. Ufa sikuona. Kwenye mdomo nimepitisha pamba badala ya kidole: palipo na pengo, pamba inanasa nyuzi. Jeupe lina kipengo kidogo upande wa nje wa mdomo, mbali na pale kizibo kinapokalia. Litafaa.

Kapu za fito nimezivua. Ndani yake kulikuwa na vumbi, mayai ya mende na kiota cha nyigu kilichohamwa. Fito zitaoshwa kivyake na kuanikwa. Hazirudi mpaka kioo kikauke.

Kuhusu kubeba. Dumu likijaa maji linapita kilo 25, na kioo chenye sabuni kinateleza. Dumu la namna hii likimponyoka mtu halipasuki vipande vidogo kama glasi. Linakatika mapande makubwa yenye makali ya kisu, na mkono unaojaribu kulidaka ndio unaokatika mishipa. Kwa hiyo nimeweka sheria: dumu lenye kitu ndani halibebwi kwa shingo, linakaa kwenye kreti ya plastiki ya soda iliyotolewa vigawanyo, na kazi yote inafanyikia chini, juu ya gunia lililoloweshwa. Watoto wa mwenye nyumba wamepigwa marufuku kukaribia mpaka nimalize.

Katikati ya Juni, maji

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu maji ndiyo nusu ya tatizo. Mji huu unakunywa maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni maji magumu. Kila mtu anayejua kufua Dodoma anajua: sabuni inagoma kutoa povu, beseni linabaki na utando wa kijivu, na birika la chai linaota gamba jeupe. Gamba hilo ni chokaa, hasa kalsiamu kaboneti. Maana yake ni kwamba kila ninaposuuza dumu na kuliacha likauke lenyewe, naliongezea safu nyembamba ya kile ninachokitoa.

Zaidi ya hapo, dawa yangu kuu ya uchafu wa kikaboni ni magadi, na magadi yakikutana na maji magumu yanaangusha chokaa papo hapo. Nimefanya jaribio kwenye glasi ili nione kwa macho. Maji ya bomba yalikuwa meupe safi. Nilipotia kijiko cha magadi yaliyochemshwa na kuchujwa, yakachafuka kama maji ya kwanza ya kuosha mchele, na baada ya nusu saa unga mweupe ulikuwa umetuama chini. Unga huo ndio utakaoganda kwenye kuta nisipoutoa.

Kwa hiyo utaratibu lazima uwe na mpangilio: magadi kwanza, kisha kusuuza, kisha asidi ya kuondoa chokaa iliyoachwa na magadi, kisha kusuuza mara ya mwisho kwa maji laini. Ukianza na asidi halafu ukaja na magadi, unamaliza kazi ukiwa na ukungu mpya.

Maji laini Juni hapa hayapatikani kwa mvua. Mvua imekwenda zake na tutaisubiri mpaka karibu na Desemba. Jirani ana simtanki la maji ya paa lililobaki robo. Nimemwomba ndoo mbili, akanipa, kwa sharti la chupa moja ya mvinyo. Biashara imekubalika.

Jekundu

Ukoko mwekundu wa mvinyo unatisha kwa sura lakini ndio mwepesi kuliko wote. Ni fuwele za chumvi ya asili ya zabibu, potasiamu baitatreti, zilizonyonya rangi ya maganda. Ndiyo hiyohiyo inayosafishwa, ikasagwa, ikatiwa kwenye baadhi ya beking pauda. Kwenye maji ya baridi inayeyuka kidogo mno, gramu 6 hivi kwa lita katika nyuzi 20, lakini kwenye maji yanayochemka inafika karibu gramu 60. Joto linafanya kazi yote.

Shida ni kwamba kioo kinene hakivumilii joto la ghafla. Asubuhi za Juni Dodoma ni baridi na dumu lililolala nje linashikika kama chuma. Ukimimina maji ya birika humo, upande wa ndani unatanuka kabla ya wa nje kupata habari, na tako linaachana na tumbo. Nimelipandisha kwa hatua: kwanza dumu likae juani saa chache, kisha maji ya uvuguvugu, kulizungusha, kumwaga, kisha ya moto zaidi, mpaka pale mkono unapovumilia kwa shida. Hapo nimesimama. Kwenye maji hayo ya mwisho nimetia magadi, vijiko viwili vya chakula kwa lita, maana alkali inaigeuza chumvi hiyo kuwa aina nyingine inayoyeyuka kwa urahisi hata maji yakipoa.

Maji yaligeuka zambarau iliyokolea, halafu polepole yakawa ya buluu iliyochafuka kwa kijani. Rangi ya zabibu nyekundu ndivyo ilivyo, inageuka kufuata uchachu. Kwenye asidi ni nyekundu, kwenye magadi inakimbilia buluu na kijani. Nilikaa kuitazama kuliko kazi ilivyohitaji. Usiku mmoja wa kulowa ulitosha: asubuhi ukoko ulikuwa umebanduka kwa mabamba na kulala chini. Kilichobaki begani kilitoka kwa brashi ndefu ya chupa niliyoikunja shingo na kuifunga kitambaa kwenye ncha ya waya, ili chuma kisiguse kioo.

La Alizeti

Hili limenichosha. Mafuta mabichi yangetoka kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. Haya yalishashika hewa muda mrefu, yakajishikamanisha yenyewe kwa yenyewe mpaka yakawa ngozi. Sabuni inapita juu yake bila kuacha alama.

Magadi ya sokoni yanauzwa kwa mabonge, ya kijivu, yenye vipande vya udongo na chembe za mchanga. Kwa maharage hakuna anayejali. Kwa kioo nimeyayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu mara mbili. Tena nimeyachemsha kwanza. Magadi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti, na kuchemsha kunaisukuma ile ya pili, iliyo dhaifu, igeuke kuwa ya kwanza. Sufuria inatoa vipovu vya hewa kwa muda, kisha inatulia, na unachobaki nacho ni kikali zaidi. Glavu za mpira ni lazima. Mikono yangu ilishaanza kuteleza kwa yale ya Jekundu, na kuteleza kule ni ngozi yenyewe inayeyuka mafuta yake.

Baada ya kulowa, ngozi ya njano ililegea na kuwa rojo ukutani, haikudondoka. Hapo ndipo mchele ulipoingia kazini. Konzi mbili za mchele mkavu, wa bei ya chini kabisa, na maji ya magadi yanayofunika chini kwa kina cha vidole vitatu. Dumu linalazwa kwenye kreti, linazungushwa kwa mikono miwili kwa mwendo wa duara, si kwa kulitikisa juu chini. Punje ni ngumu kiasi cha kukwangua rojo na laini kiasi cha kutochora kioo. Zinafika pale penye kona ya tako ambapo brashi yoyote inashindwa. Maganda ya mayai yaliyopondwa yanafanya kazi hiyohiyo, ila yanakera kuyatoa.

Mchele ulitoka umevaa mafuta, wa njano. Nikarudia kwa mchele mpya na magadi mapya mpaka ukatoka mweupe. Kuku wa mwenye nyumba waliuangalia mchele wa kwanza na kuondoka.

Kipimo changu cha mwisho kwa mafuta si harufu, ni maji. Jaza maji safi, mwaga, lielekeze dumu kwenye mwanga. Kwenye kioo kisafi maji yanashuka kwa pamoja, utando mmoja usiokatika. Palipo na mafuta, hata ya kiasi kisichoonekana, utando unapasuka na maji yanajikusanya matone. La Alizeti lilikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja, karibu na bega, kilichoendelea kupasua utando wakati kwingine kote kulikuwa safi. Hapo nilirudisha magadi ya moto kwa kulilaza dumu upande huo peke yake usiku kucha. Likakubali.

Jeupe

Unga wa sitriki, ule wanaotumia watengeneza juisi, gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Ndimu zingefaa, lakini kwa dumu la lita 20 ungekamua mti mzima. Siki nayo inafaa, ila sitaki harufu ya siki karibu na mvinyo, hata kama najua kioo hakiishiki.

Asidi ilipogusa gamba, vipovu vidogo vilianza kupanda ukutani, mlio wake ukisikika ukiweka sikio mdomoni. Ni chokaa inayotoa hewa ya kaboni. Sikujaza dumu zima. Lita mbili zinatosha ukililaza na kuligeuza kila baada ya muda. Jioni ukungu wote wa tumbo ulikuwa umekwisha, isipokuwa lile duara.

Duara linacheza mchezo. Dumu likiwa limelowa, halipo. Kioo ni safi kabisa. Likikauka, linarudi palepale, jeupe kama pumzi kwenye dirisha. Nimelipa sitriki tena, halikutoa kipovu hata kimoja. Hiyo ni dalili kwamba hakuna chokaa tena pale. Kioo chenyewe ndicho kilicholika, pale maji yalipokaa mahali pamoja kwa miaka. Maji yanajaza vishimo na kuvificha, yakikauka vinaonekana. Hakuna dawa ya kuliondoa zaidi ya kukwangua kioo, na hiyo siifanyi.

Sumu halina, lakini uso wenye vishimo unashika uchafu kuliko uso laini. Uamuzi: Jeupe halitakaa na mvinyo miezi. Litatumika siku ya kuhamisha, kutulizia mashapo kwa siku mbili tatu, basi.

Julai, mazungumzo na mjomba

Mjomba alifanya kazi ghala la mvinyo miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia huku tayari ameinama juu ya Jekundu, ameingiza pua mdomoni mwa dumu.

"Umetia jiki humu?"

"Hapana, mjomba."

"Vizuri, mjomba. Usitie."

Hoja yake naiandika kwa sababu majirani wote wananishauri jiki. Klorini inaua vijidudu, hilo halina ubishi, na kwa chombo cha maji ya kunywa ni dawa nzuri. Kwenye mvinyo ni hadithi nyingine. Mabaki yake yakikutana na fenoli, kemikali za asili za zabibu, yanazaa harufu ya hospitali. Na klorini ikikutana na ukungu kwenye mbao au kizibo cha gome inaweza kuzaa ile harufu ya boksi lililolowa ambayo hata tone dogo linaharibu pipa. Tena, nikiwa na sitriki kwenye meza ileile, kuchanganya kwa bahati mbaya asidi na jiki ni kutengeneza gesi ya kukohoza damu. Mtu asiye na kingine na aitumie, mililita 4 kwa lita, dakika 20, kisha asuuze mpaka harufu iishe kabisa. Mimi ninacho kingine.

Alichoniletea ni mfuko mdogo wa potasiamu metabaisalfaiti, dawa ya watengeneza mvinyo ya kuua vijidudu. Gramu 10 kwa lita, na gramu 5 hivi za sitriki, kwa kuwa dawa hii inafanya kazi zaidi kwenye uchachu. Lita moja inatosha dumu zima: unazungusha ilambe kuta zote, unaziba, unaacha gesi yake ifanye kazi robo saa, unamwaga. Inafanyikia nje, upepo ukiwa mgongoni. Mwenye pumu asikae karibu.

Akarudia jambo ambalo nimelisikia kwake tangu utotoni: dawa ya vijidudu haisafishi, inaua tu kile inachokigusa. Ukoko ukiwepo, vijidudu vilivyo chini yake vinaisikia dawa ikipita juu. Kwa hiyo metabaisalfaiti haitaingia mpaka asubuhi ya siku ya kuhamisha mvinyo. Ukiitia leo na kungoja mwezi, unakuwa umeipoteza.

Julai, mwisho

Upepo. Julai ya Dodoma ni vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Madumu yamesuuzwa kwa maji ya simtanki ya jirani, lita tatu kila moja, yakaning'inizwa kichwa chini kwenye stendi ya mbao niliyoichongesha kwa fundi wa mlangoni. Hayakukaa hivyo muda mrefu. Yalipokauka tu nikafunika midomo kwa karatasi ya jiko ya alumini na mpira, nikayarudishia makapu. Kabla ya brashi yoyote kuingia tena, yatasuuzwa kwanza. Vumbi hili ni mchanga, na brashi ikilisukuma ukutani ni yaleyale ya kuchora.

Agosti

Mkulima wa Mpunguzi amesema zabibu ziko tayari, ataleta Jumatano, na ndoo zimeshaoshwa. Jekundu na La Alizeti nimeyafunua asubuhi hii, nikanusa: hakuna kitu. Nimepitisha maji, utando umeshuka bila kukatika kwenye yote mawili.

Kinachokosekana ni vizibo vya mpira vyenye tundu la bomba la kutolea hewa. Shingo za madumu haya hazilingani. Kimoja nilichopata kinakaa sawasawa kwenye Jekundu na kinazama kwenye La Alizeti. Nimeahidiwa kingine na muuza vifaa vya maabara karibu na Nyerere Square. Akichelewa, nitachonga cha mbao laini na kukizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, uliochemshwa.